Profesa Tellervo Hautsalo, Aliyewapigia Simu Waliomzushia

Tellervo Hautsalo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Kuhmo, mashariki mwa Ufini, mtoto wa kwanza wa karani wa posta Eino Ruuskari na mkewe Hilja. Mdogo wake pekee, Toivo, alizaliwa miaka minne baadaye. Tellervo ndiye aliyemfundisha kusoma, kuteleza kwenye theluji, na kumficha mama ilikoishia jemu.

Alisoma shule za Kuhmo, kisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Oulu. Mwaka 1993 alipata uzamivu kwa utafiti kuhusu kulinda siri za wagonjwa katika kompyuta za hospitali. Kabla ya hapo, tarehe 23 Juni 1990, aliolewa na Ilmari Hautsalo, fundi wa piano. Walijaliwa binti mmoja, Saimi.

Kwa miaka ishirini na sita alifundisha usalama wa taarifa mjini Jyväskylä. Baadaye aligeukia uzushi unaoenea mitandaoni, na kamati za bunge zikamwita zilipotunga sheria za teknolojia. Hakuandika kamwe kwamba habari ni ya uongo kabla ya kumpigia simu aliyeieneza. Mkulima mmoja alimfokea, "We mama wa kompyuta, nani kakutuma?"

"Kimbelembele changu, mzee. Hebu niambie, hii umeitoa wapi?"

Waliongea saa mbili, sehemu kubwa habari za viazi. Mkulima akaufuta uzushi mwenyewe, na vuli ile gunia la viazi likafika ofisini.

Mwaka 2019 ulizuka uvumi kwamba Profesa alilipwa ili awaorodheshe wanaoisema vibaya serikali. Aliwapigia watu arobaini na mmoja walioueneza. Wa arobaini na mbili alikuwa Toivo. Huyo hakumpigia. "Mgeni namwelewa," alimwambia mumewe. "Huyu nimemlea. Aanze yeye." Toivo naye akangoja aanzwe. Miaka mitano ikapita. Ni Toivo mwenyewe aliyeomba jambo hili lisifichwe leo.

Januari 2024 Profesa aligundulika ana saratani ya kongosho. Saimi alimsihi, "Mama, mpigie mjomba."

"Mkaidi yule? Si ana simu?"

"Na wewe huna?"

Alicheka hadi akakohoa, na hakupiga.

Asubuhi ya tarehe 3 Septemba, akiwa wodini Jyväskylä, hatimaye aliomba simu. Toivo alipokea, akasema, "Dada, nilijua ni uongo nilipoueneza. Nilikuwa na hasira kwa sababu uliuza nyumba ya mama bila kuniuliza."

"Nami nilijua unajua. Ndiyo maana iliniuma. Wajinga wawili sisi. Njoo, ila usikimbize gari."

Kutoka Kuhmo, alikoishi Toivo, ni zaidi ya kilomita mia tatu. Profesa alifariki saa nane na dakika kumi mchana. Toivo alifika saa tisa kasorobo, akaishika mikono ya dada yake, nayo ilikuwa bado na joto.

Leo analazwa Kuhmo, kando ya wazazi wake. Baada ya simu ile alimwagiza Saimi namna ya kuwaandika anaowaacha, nasi tumefuata: mdogo wake, Toivo, awe wa kwanza, kisha mumewe Ilmari, binti yake Saimi, na mjukuu wake Linnea, mwenye miaka mitatu.

Mungu ampe pumziko lenye amani.