Mzee Betri Anaondoka, Nyaya Zinabaki na Rangi Zake

Ifikapo tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa umeme wa hospitali yetu, ambaye sote tunamwita Mzee Betri, atakabidhi funguo za karakana baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Mimi mtunza stoo ndiye niliyepewa kazi ya kumwandikia wasifu, nadhani kwa sababu hakuna aliyegombana naye kunishinda.

Alianza kwa kubadilisha taa na swichi. Mwaka wake wa pili akapewa chumba cha betri, kile kilicho nyuma ya wodi ya wazazi, ambacho umeme ukikatika ndicho kinachowasha taa za chumba cha kujifungulia. Kazi ilitakiwa haraka, na stoo ya enzi hizo ilikuwa na bunda moja tu la waya, nalo jeusi tii. Akatandaza huohuo: chanya mweusi, hasi mweusi, na mpangilio wote akauweka kichwani. Taa ziliwaka, akapongezwa, kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Tangu hapo chumba kile hakikuwa na mwenyewe ila yeye. Akienda likizo, simu zinamfuata. Siku ya harusi ya binti yake alisimama nje ya ukumbi, suti imemkaa sawasawa, akimwelekeza mwenzetu kwa simu ahesabu nyaya kuanzia upande wa mlango, huku mkewe akimkata jicho kupitia dirishani. Mama huyo hutuambia kwamba hana wasiwasi na mwanamke yeyote; mke mwenzake anamjua, ni chumba cha betri.

Tulicheka sana, hadi alipolazwa kwa upasuaji wa ngiri. Wiki hiyohiyo betri zilihitaji kubadilishwa. Aliyemshikia nafasi alizikuta nyaya zote nyeusi, akaunganisha kwa kubahatisha, chanya ikaenda kwa hasi, na mtambo wa taa ukaungua. Mchana umeme ukakatika. Chumba cha kujifungulia hakina dirisha, na mkunga alimaliza kumzalisha mama mmoja kwa tochi ya simu iliyoshikwa na mfanya usafi. Mama na mtoto walitoka salama. Mzee Betri alipopewa habari kitandani, aligeukia ukutani akalia. Baadaye alikataa katakata mwenzake kulaumiwa, akasema kosa lilitandazwa siku ile ya bunda jeusi.

Alipopona alitangaza kwamba hastaafu kabla ya kung'oa kila waya wa chumba kile. Uongozi ulikuwa na wazo jepesi zaidi: aongezewe mkataba, kwa kuwa ni yeye tu anayejua. Wengi wetu tungelipokea kwa mikono miwili. Yeye alijibu kwamba taa za wazazi haziwezi kutegemea kichwa cha mzee mmoja.

Kanuni tunazofuata hapa kwa saketi za betri ni fupi: mwekundu ni chanya, mweusi ni hasi, na wa kijani wenye mstari wa njano ni wa ardhi peke yake. Waya mwekundu ulipoisha stoo nilimpelekea wa kijani. Alinirudishia niubebe mwenyewe, na hotuba juu yake. Nikashauri tufunge utepe mwekundu kwenye ncha za waya mweusi. Akaniuliza atakayeukata katikati ataona nini. Nikachoka, nikamwambia volti ishirini na nne hazimuui mtu. Hapo hakubishana. Alinishika mkono hadi chumba cha kujifungulia, akanionyesha taa iliyo juu ya kitanda, akaniacha nimesimama. Kesho yake niliagiza waya mwekundu.

Alibadilisha saketi moja baada ya nyingine ili chumba kisikose mwanga hata siku moja. Mwezi uliopita akamaliza. Kwa jaribio la mwisho alimwita dada fundi wa mashine za kufulia, ambaye hakuwahi kukanyaga mle ndani, akamwomba afungue betri zote kisha aziunganishe upya. Yeye akabaki koridoni, mikono nyuma, midomo ameibana. Dada akaita kutoka ndani: “Mzee, huu mwekundu si ndio chanya?” Mzee Betri akatazama dari. Alikuwa anatoka jasho.

Tukazima umeme wa jengo. Taa za chumba cha kujifungulia zikawaka, na dada fundi akatoka akifuta mikono, akauliza kama kuna kazi nyingine.

Mzee Betri, asante kwa mwanga, kwa ubishi, na kwa kunifundisha stoo ni ya nini. Nenda kwa mama, amekungoja kwa miaka mingi. Tunawaombea afya, usingizi mzito na wajukuu wasumbufu. Simu yetu ikiita, pokea bila hofu: tutakuwa tunakusalimia tu.