Upawa wa Mwisho wa Mama Mizani

Jina lake la kwenye cheti mmeliona juu ya jalada la ratiba ya mazishi, kwa hiyo hakuna haja ya kulirudia. Nusu ya waliofika hapa leo, hasa wale kina mama waliokuja na aproni zao, hawakuwahi kulitumia. Walimwita Mama Mizani. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kumsengenya, miaka ilivyosogea wakamwita hivyo kwa mapenzi, na mwenyewe alilipokea jina hilo lote, utani wake na uchungu wake.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika hospitali iliyokuwa nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yao, fundi saa, alifariki mapema, akaacha meza moja na droo iliyojaa saa za watu ambazo hazikuwa zimepona. Mama yao alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Alipika wali na maharage ya shule nzima katika masufuria mawili makubwa ambayo mtoto angeweza kuogea ndani, na mikono yake ilinuka moshi hata siku za sikukuu.

Jikoni kwa mama yao kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Sufuria haikuruhusiwa kuisha watu wakiwa bado foleni. Mpishi aliyeishiwa chakula mbele ya watoto alikuwa amejivua nguo hadharani, na wenzake wangemcheka mpaka anastaafu. Kwa hiyo kila mpishi alipakua kwa akili, akipunguza kidogo huku, kidogo kule, ili mtoto wa mwisho akishapewa sahani yake, chini kabisa pabaki upawa mmoja. Waliuita upawa wa heshima. Watoto wakishatawanyika, upawa huo ulitiwa kwenye kopo lenye mfuniko, na marehemu ndiye aliyekuwa akilibeba kopo hilo kwenda nalo nyumbani. Dada yake mkubwa na mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma maneno haya, walikula humo utoto wao wote. Hakuna aliyekuwa mnene, lakini hakuna aliyelala njaa.

Alianza masomo mwaka 1973 katika shule hiyohiyo, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni, kisha akapata stashahada ya takwimu mwaka 1988. Siku aliporudi na cheti, mama yake alikigeuza mbele na nyuma akamwuliza, "Hii takwimu ni kazi gani, mwanangu?"

"Ni kuhesabu vitu, mama."

"Vitu gani?"

"Vyovyote."

"Haya, nenda kahesabu kuku. Mmoja simwoni tangu asubuhi."

Akaenda kweli, akamkuta kuku chini ya ngazi ya jirani. Mama alisimulia kisa hicho mpaka alipofariki mwaka 1998, na kila aliposimulia, kuku waliongezeka.

Aliajiriwa katika ofisi ya elimu mwaka 1989. Huko ndiko alikokutana na fundi wa kuchomelea aliyekuwa akitengeneza majiko ya chuma ya shule. Fundi mwenyewe, ambaye amekaa hapa mbele na hataki kutazamwa, anasema kwamba binti huyo alikuja kukagua jiko lake, akaweka pimamaji juu yake, kiputo kikakimbilia upande mmoja. Akamwambia, "Fundi, jiko lako limelewa." Fundi akanyoosha miguu ya jiko, akaomba lipimwe tena siku iliyofuata, na siku iliyofuata tena, ingawa lilishanyooka. Walifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1992, wakajaliwa binti na mvulana. Ndoa yao haikuwa na kelele, isipokuwa za nyundo.

Mwaka 2011 alikabidhiwa hesabu za mpango wa chakula shuleni. Kusema haki, mambo yalikuwa yameoza. Magunia ya mchele yalikuwa yakiingia shuleni kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma, na maharage ya watoto yaliuzwa madukani kweupe. Marehemu akaleta mizani, moja kila jiko, na simu ya kutuma takwimu ofisini. Asubuhi mpishi alipima kilichoingia sufuriani. Mchana alipima kilichobaki. Namba zote mbili zilitumwa, na mfumo alioubuni yeye mwenyewe ulizisoma na kupanga mgao wa wiki inayofuata. Chakula kikibaki, maana yake kilipelekwa kingi kupita mahitaji, basi mgao ukapunguzwa kwa kiasi hicho. Wizi ulikoma ndani ya mwaka mmoja. Hilo ni lake, na asije mtu akamnyang'anya.

Gharama zikashuka. Zikashuka tena. Muhula baada ya muhula chati ilikwenda chini, na kadiri ilivyokwenda chini ndivyo wakubwa walivyozidi kutabasamu. Walipiga naye picha wamemzunguka, ikatundikwa ukumbini, na kwa tunavyojua bado ipo, maana picha haina haja ya kuhamishwa.

Tarehe 19 Juni 2014 alikwenda kutoa zawadi kwa shule iliyobana matumizi kuliko zote. Walimkaribisha ofisini ili aandaliwe meza, akasema hapana, atasimama na watoto. Alipofika dirisha la jikoni aliona mpishi mkuu akipakua wali kwa kikombe cha chai. Kikombe kimoja, sahani moja, anayefuata.

Mpishi mkuu alikuwa mwanamke mzee ambaye alijifunza kazi chini ya mama wa marehemu. Leo yupo nasi, na ameturuhusu tuyaseme haya. Marehemu alimwuliza, "Shangazi, upawa uko wapi?"

"Upo. Ule wa mama yako, nimeutundika. Mwaka wa tatu sasa."

"Kwa nini?"

"Nikipakua kwa upawa, mwanangu, sufuria itaisha foleni ikiwa imefika katikati. Nitauweka wapi uso wangu?"

"Lakini kila siku mnanitumia kwamba chakula kimebaki!"

"Kinabaki, ndiyo. Si upawa wa heshima? Unaujua. Wewe umekulia humo."

Alikaa juu ya gunia la mchele. Mambo yote yalikuwa wazi hapo, na aliyaona kwa mpigo. Kila jiko lilibakiza upawa wake mmoja ili mpishi asiaibike. Mfumo uliuona upawa ule, ukasema chakula kimezidi, ukapunguza. Wapishi wakaletewa pungufu, wakapunguza sahani, wakabakiza upawa. Mfumo ukapunguza tena. Wapishi walikuwa wakilinda heshima yao na yeye alikuwa akilinda mali ya umma, na katikati ya heshima mbili hizo mtoto alikuwa ameshushwa kutoka upawa hadi kikombe. Kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuwa na kisingizio. Mtaalamu kutoka mbali angeweza kusema hakujua. Yeye alibeba kopo.

Mpishi mkuu alimwuliza kwa nini hakuwahi kuwaambia kinachofanywa na zile namba. Marehemu naye akamwuliza kwa nini hawakuwahi kusema kwamba chakula hakitoshi.

Wiki iliyofuata aliwaomba wapishi wa shule mbili wamalize sufuria yote, heshima ikae pembeni. Wakafanya hivyo huku wanalia. Mfumo ukapokea sifuri, ukaweka alama ya kijani na maneno "mgao umelingana na mahitaji". Hapo ndipo alipogundua kosa lake la pili, ambalo lilimtesa kuliko la kwanza. Alikuwa ameweka mahali pa kuandika kilichoingia na mahali pa kuandika kilichobaki. Hakuweka mahali popote pa kuandika kwamba hakikutosha.

Alikwenda kwa mkubwa wake wa kazi. Aliomba mambo mawili tu: mgao urudishwe ulivyokuwa wizi ulipokoma, na swali moja liongezwe kwenye simu, je, kuna mtoto aliyebaki na njaa? Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeuzia chati.

"Hizi takwimu za nani?"

"Zangu, bwana mkubwa."

"Zinasema chakula kinabaki, au hazisemi?"

"Zinasema. Zimekosea. Nimekosea mimi."

"Mama Mizani, tumeshawaambia waliotupatia fedha kwamba tunaokoa. Fedha zenyewe zimeshapangiwa kazi nyingine. Sasa nikawaambie nini, kwamba tulikuwa tunaokoa kwenye matumbo ya watoto?"

"Ndiyo. Hivyohivyo."

Mwaka uliofuata alihamishiwa kitengo cha samani, akawa anahesabu viti. Alivihesabu vizuri, kama alivyofanya kila kitu, na kila mwanzo wa muhula alipanda ghorofa ya pili, akagonga mlango uleule, akaomba yaleyale. Wakubwa walibadilika, mlango haukubadilika. Mmoja alimwambia mfumo ni mzuri mno hata nchi jirani zinauulizia. Mwingine alimwita mama yetu mpendwa na kumwagizia soda. Alistaafu mwaka 2021, na kwenye sherehe ya kumuaga walimkabidhi saa ya ukutani na kumsifu kwa kubana matumizi. Saa hiyo aliiweka chooni.

Alianza kuugua Oktoba 2022. Daktari alisema ni saratani ya tumbo. Familia haisemi kwamba ofisi ilimuua. Daktari amesema ni saratani na familia inamwamini daktari. Inachosema familia ni kwamba mtu aliyeugua hivi hupewa vijiko vichache vya uji, na kwamba siku moja binti yake, ambaye ni muuguzi, alipokuwa akipimia uji kwenye kikombe, marehemu aligeuza uso ukutani akasema, "Usinipimie, mwanangu. Nimiminie tu, nitaacha mwenyewe." Alifariki tarehe 9 Agosti 2023, mchana wa saa saba, saa ambayo shuleni hupigwa kengele ya chakula.

Juzi ofisi ilituma mjumbe na sentensi moja ya kuongeza hapa, kwamba marehemu "atakumbukwa kwa mamilioni aliyoliokolea taifa". Familia iliisoma sentensi hiyo, ikamkaribisha mjumbe chai, ikamrudishia.

Ameacha mume, binti, mvulana na mjukuu mmoja wa kike aliyeanza shule mwaka huu. Ameacha dada yake mkubwa na mdogo wake. Ameacha wapishi aliogombana nao na kupatana nao. Ameacha pia watoto wa shule zote mnazozifahamu, ambao mpaka jana walipakuliwa kwa kikombe cha chai, mjukuu wake akiwa mmojawapo.

Tangazo la mwisho linahusu chakula, na ni agizo lake mwenyewe. Mwezi mmoja kabla hajafariki alimwita mpishi mkuu kitandani akamwambia, "Shangazi, siku yangu, pika sufuria moja ya mgao wa shule. Mgao wa sasa, usiongeze hata punje. Pakua kwa upawa wa mama, ujae. Halafu iache iishe, watu wakiwa bado wamesimama. Ukimaliza, ibinue."

Shangazi alikataa. Alisema, "Mwanangu, unaniambia nijivue nguo mbele za watu."

Akajibiwa, "Mimi nilishajivua, Shangazi. Wewe nisindikize."

Alilia, akakubali. Upawa uko mkononi mwake, mpini wake umechomelewa upya na mume wa marehemu. Foleni itaanza na watoto wa shule, kisha jamaa na majirani. Waheshimiwa kutoka ofisini hawakutengewa meza. Nafasi yao ni ya mwisho, nyuma ya wote, ambapo mtu huona vizuri zaidi. Sufuria itakapobinuliwa mbele yenu, msiwatazame wapishi kwa jicho baya. Wamepika chote mlichowapa.

Mungu ampumzishe kwa amani. Nyinyi wengine, pangeni foleni.