Nesi Drusila Fa'abona na Kibuyu cha Chokaa (1970–2024)

Marehemu Drusila Fa'abona alizaliwa tarehe 14 Septemba 1970 katika kisiwa cha mawe cha Sulukona, huku kwetu Lau, Malaita, Visiwa vya Solomon. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Fa'abona na mama Betina. Mimi ninayewasomea ni Alfeo, mdogo wake wa pekee. Karatasi mlizoshika zilichapishwa Jumatano, na nitakayosema yatazidi yaliyomo. Naona mnavyonitazama. Mnangoja nimtaje shemeji yangu Jemuel kwa ubaya, ndiyo maana mmemsimamisha nje ya uzio wa makaburi asimzike mkewe. Mnasema alimtilia sumu kwenye chokaa ya tambuu. Haya, nisikilizeni mpaka mwisho.

Alianza shule ya misheni mwaka 1978, akamaliza sekondari Auki, kisha akasomea uuguzi Honiara kuanzia 1990 hadi 1992. Kushuku alizaliwa nako. Mama alipomtuma sokoni kubadilisha samaki na magimbi ya watu wa milimani, alikwangua kila gimbi kwa ukucha mbele ya mwenyewe. Mama mmoja akamwuliza, "We binti, unachukua magimbi au unayatibu?" Akajibu, "Hili limeoza ndani." Likapasuliwa, na kweli lilikuwa limeoza.

Januari 1993 aliajiriwa katika wodi ya wagonjwa wa kifua kwenye hospitali ya mkoa, Auki. Alifanya kazi huko miaka kumi na tano, halafu akahamishiwa zahanati yetu. Aliwaketisha wenye pumu wakaegemea mbele juu ya mto, akawaambia wapumue polepole kama mtu anayepuliza moto bila kutaka majivu yaruke. Alikushika mkono ukidhani anahesabu mapigo ya moyo, kumbe macho yapo kifuani anahesabu pumzi zako. Alisema mtu akijua anatazamwa hupumua kwa adabu, na yeye adabu hakuitaka. Wagonjwa wa kifua kikuu aliwapa dawa kwa mkono wake na hakuondoka mpaka waonyeshe chini ya ulimi. Mzee Tome siku moja alikuja shavu limejaa popoo la tambuu.

"Tema, baba."

"Nikiteme kitu kitamu hivi? Mwanangu, huna huruma!"

"Tema."

Alitema, na kidonge cha asubuhi ile kikatoka pamoja na popoo. Watu walicheka, mzee akanuna mwezi mzima, lakini alipona. Tangu hapo Drusila alitembea na kikombe cheupe. Kila mwenye kikohozi alisukutua kwanza, ndipo akatemea humo, maana mate yetu sisi watafunaji wa tambuu ni mekundu kuanzia asubuhi. Damu ikichanganyika humo nani ataijua?

Alifunga ndoa na Jemuel Suri wa milimani tarehe 8 Februari 1997. Wazee wetu walinung'unika kwamba mtu wa milimani hajulikani anafikiria nini. Drusila alimshika Jemuel mkono mbele yao wote, akamtazama kifuani kwa dakika nzima, akasema, "Mapafu yake mazima. Mengine nitayachunguza nyumbani." Alichunguza miaka ishirini na saba na hakuona kosa. Walijaliwa binti mmoja, Hilda. Kila asubuhi Jemuel alimtengenezea mkewe tambuu kwa mkono wake, na hapo ndipo mnapopata neno.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Machi 2021 mimi niliugua kifua kikuu, dada akanichukua nikae kwake. Mnajua mila yetu. Dada hamwamrishi kaka yake, wala hamwambii apanue mdomo mbele ya watu. Yeye aliyewatemesha wazee, mimi alinipa vidonge vimefungwa kwenye jani, akageuza uso. Mwezi wa tatu wa kumeza dawa nilijiona mzima. Nilivitumbukiza kati ya fito za sakafu, vikaanguka baharini. Nilifanya hivyo wiki kumi na moja, naye akiandika kwenye kadi yangu kwamba nimemeza. Novemba kikohozi kilirudi, nami nikanyamaza mpaka Februari, nikilala nyumba moja naye. Nilitibiwa Honiara kwa dawa kali zaidi, nikapona. Sikumwambia mtu kwa nini ule ugonjwa ulikataa dawa za kwanza.

Mwaka jana Drusila alianza kukonda. Alisema ni uzee na kazi. Aliyeshuku kuna ugonjwa alikuwa Jemuel peke yake. Hilda alikuwepo, mwulizeni. Jemuel alisema, "Mama Hilda, leo usitafune. Nataka nione mate yako."

"Wee! Mtu wa magimbi ndiye atakayemfundisha nesi kutema?"

"Ndiyo, mimi. Leta hicho kibuyu."

Drusila alikataa, wakavutana, na Jemuel akakitupa kibuyu cha chokaa baharini. Majirani walimwona, wakasema anaficha ushahidi. Ushahidi wa nini, jamani? Alitaka kinywa cha mkewe kiwe safi siku moja tu. Asubuhi yake Drusila alitemea kwenye kikombe chake mwenyewe bila kutafuna kitu, na mate yalikuwa mekundu. Tarehe 20 Mei 2024 Jemuel alimpeleka Auki kwa boti.

Alilazwa wodi ileile aliyoitumikia, akihudumiwa na wasichana aliowafundisha, naye akiwakemea hata akiwa kwenye oksijeni kwamba wamemlaza badala ya kumketisha. Daktari alisema ni kifua kikuu sugu, cha aina ileile niliyokuwa nayo mimi. Alisema hawezi kuapa kimetoka kwangu. Mimi sihitaji kiapo chake. Siku mbili kabla ya kufa, dada alivunja mila. Aliniuliza, "Alfeo, vile vidonge ulimeza?"

Nikasema, "Nilimeza vyote, dada."

Akanitazama, kisha akageuza uso. Alifariki tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Jemuel.

Nimewasikia siku tatu hizi mkinong'ona, na kila mliponong'ona nilinyamaza, kwa sababu jina la Jemuel lilipotajwa, langu lilipona. Hamna wa kumlipizia kisasi huko milimani. Manesi wawili wako pale langoni. Waliolala nyumba ya Drusila, na nyinyi mnaokohoa huko nyuma mkijifanya ni vumbi, msiondoke kabla hawajawapima.

Marehemu ameacha mume, Jemuel Suri, binti, Hilda, mjukuu mmoja, Kenson, na mdogo wake aliyemdanganya. Mungu ampe dada yetu pumziko la amani.

Shemeji, ingia umzike mkeo. Mimi natoka nje ya uzio.