Niliomba Nchi ya Jirani Yangu Ianguke

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa tena! Mimi ni Papa Grâce, mzaliwa wa Lubumbashi. Wengi mnanijua kama yule anayepanga viti hapa kanisani. Leo mtanijua vingine, na nimekubali.

Miaka ile ya mgogoro wa madeni Ulaya, nilikuwa mlinzi wa mlango katika jengo la ofisi karibu na kituo cha metro cha Schuman, hapa Brussels. Asubuhi niliona wakubwa wakiingia wamekunja nyuso, wanazungumza habari za Ugiriki, Hispania, Italia. Mlinzi mwenzangu akanieleza mambo yenyewe. Serikali inapokopa huuza hatifungani, yaani karatasi za ahadi ya kulipa. Watu wakihofia kwamba nchi haitalipa, wanaziuza mbio mbio. Bei inaanguka, riba ya kuikopesha nchi ile inapanda.

"Bon, na weye unaweza kucheza upande wa kuanguka," akaniambia. "Bei ikishuka, unakula. Ikipanda, unaliwa."

Nikafungua akaunti ya kubashiri bei kwenye kompyuta. Nikachagua karatasi za Hispania, nikabashiri zitaanguka. Ndugu zangu, nilikula! Kila habari mbaya ilinipa faida. Benki imeyumba kule, nashangilia. Riba imepanda, naimba bafuni! Nikachukua na feza ambayo mke wangu, Maman Grâce, alikuwa anaweka kwa ajili ya macho ya mama yake kule Lubumbashi. Mama huyo alikuwa afanyiwe upasuaji. Sikumuuliza.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Kwenye ngazi ya nyumbani kwetu, mlango kwa mlango, alikaa Madame Pilar, Mhispania, mama mzee aliyefanya usafi maisha yake yote hapa Brussels. Siku moja akanishika mkono. Akanieleza kwamba kaka yake ni mwalimu kule kwao, mshahara umekatwa, nyumba inataka kuchukuliwa, naye hata chakula hagusi.

"Wewe ni mtu wa maombi," aliniambia kwa Kifaransa. "Iombee nchi yangu."

Nikafunga macho. Nikaomba kwa sauti kubwa, jasho likanitoka! Na moyoni, ndugu zangu, moyoni nilikuwa nasema: Bwana, ianguke kidogo tena. Mpaka mwisho wa mwezi tu.

Halafu ikafika siku ile. Nilikuwa nimepumzika nyumbani mchana, kompyuta iko mezani. Mkuu wa benki kuu ya Ulaya akasimama akasema kwamba benki yake haitaiacha sarafu ya euro ife. Maneno machache tu! Hakutoa hata senti moja pale. Lakini kila muntu alielewa: mwenye kutengeneza pesa anaweza kuzinunua zile karatasi mwenyewe. Nani ataogopa tena? Waliokuwa wanauza wakageuka kununua. Bei ikapaa. Nilibonyeza nitoke, nikabonyeza. Akaunti ikajifunga yenyewe, tupu. Sikuwa nimemaliza hata chai yangu!

Nikatoka nikakaa kwenye ngazi. Mlango wa Madame Pilar ukafunguka, akatoka mbio na simu mkononi, analia.

"Papa Grâce! Mungu amesikia maombi yako! Kaka yangu amesikia habari ya benki, amecheka! Amecheka kwenye simu!"

Akanikumbatia. Mimi! Ndugu zangu, nilishtuka, na hata sasa ninavyosimama hapa nashtuka. Mungu alikuwa amejibu maombi ya mdomo wangu, akayakataa ya moyo wangu, siku moja, saa moja. Nikaanguka pale pale nikamwambia yote. Akaondoa mikono yake. Halafu akasema, "Mwambie mke wako kabla hajasikia kwa mwingine."

Maman Grâce aliniuliza neno moja tu: "Na macho ya maman yangu?"

Nilifanya usafi wa ofisi kila Jumamosi kwa miaka miwili, kurudisha feza ile. Mama yake alipasuliwa macho. Jicho moja liliokoka. La pili, daktari alisema tumechelewa. Nimemwomba msamaha kwa simu, akanijibu, "Mutoto yangu, ninakuona na hili moja." Simstahili mama huyu.

Namshukuru Mungu aliyenitoa katika kula machozi ya watu. Donc, ndugu yangu uliyeketi hapa, kama kuna mahali unangoja mwenzako aanguke ili wewe usimame, njoo mbele. Usione haya. Yesu anapokea hata waliomwomba vibaya. Njoo, tutapiga magoti wote wawili.