Moto Uliopita Chini ya Mafunjo

Ndugu zangu, nitasimama hapa karibu na mlango. Mkiniona natupa macho nje, msidhani nawakimbia. Leo ni siku ya tisa bila mvua, na wanaonijua wanajua siku ya tisa inanifanya nini.

Mimi ni mtoto wa askari, nimezaliwa kambini, ndiyo maana Kiswahili ndicho ninachootea ndoto. Shule niliiacha darasa la tano. Mwalimu alichoshwa na maswali yangu, nami nilichoshwa na dawati. Kisenyi nilifungua injini za watu gereji ili nione tu ndani kuna nini. Katwe nilikunja bati, nikatengeneza majiko. Kila kazi nikishaielewa, miguu inawasha, naondoka. Ndivyo nilivyofika huku nyuma ya Ggaba, kwenye kinamasi, nikaanza kukata mafunjo.

Mama mmoja, simtaji, alinipa panga na pa kulala katika banda lake. Mimi nakata, yeye anasuka mikeka. Alikuwa akiniambia, "Mwanangu, una miguu ya mbuzi aliyekata kamba. Kaa basi hata msimu mmoja." Nikakaa.

Wakata mafunjo mnaijua desturi yetu. Kiangazi tunachoma makavu ili machipukizi yatoke laini. Hakuna anayetangaza, na hakuna anayekiri. Moshi ukionekana, kila mtu anauliza, "Nani tena?" Hata mwenye kiberiti mfukoni anauliza. Mnacheka kwa sababu mnajua.

Nami nilichoma. Kipande kidogo, asubuhi, upepo umelala. Nikamwaga madumu ya maji mpaka moshi ukakatika, nikaenda zangu nikijisifu. Jambo moja sikulijua. Chini ya mafunjo si udongo tu. Ni mizizi na majani yaliyooza miaka kwa miaka, na maji yakipungua vinakauka, moto unaingia humo kama panya. Juu pamelowa, chini panawaka. Siku mbili ulitembea hatuuoni. Siku ya tatu, mchana, ukachomoza chini ya banda la mama.

Mama alitoka, kisha akarudi kuvuta mikeka ya msimu mzima. Vidole vya mkono wake wa kulia vikaungua. Msusi, ndugu zangu. Watu wakauliza, "Nani tena?" Nami nikauliza pamoja nao. Kabla jua halijazama nilikuwa Katwe.

Kule sikutulia. Zamani miguu iliwasha kwa kutaka kujua. Safari hii ilikuwa inakimbia tu, na mwili unaujua utofauti huo. Nikakunja majiko, nikayaacha. Nikabeba mizigo, nikaiacha. Mwisho nikarudi, nikamdanganya mama kwamba nilipata kibarua. Akaniuliza kama nimekula. Nikamuuliza kama mkono bado unauma.

Mchana mmoja yeye akiwa sokoni, nilichukua jembe nikafuata njia ya ule moto. Nilitaka kujua. Nikachimba majivu kutoka pale nilipochoma mpaka bandani, na njia haikukatika popote.

Ndipo habari ya ruzuku ikafika. Kulikuwa na mfuko unaosaidia mitaa kupunguza hatari ya moto wa nyasi na mafunjo. Kamati yetu ikajaza fomu. Penye swali, moto wenu huanzaje, wakaandika: wapita njia wavuta sigara. Madamu wa mfuko akaja, tukakaa ukumbi huu huu. Akasoma, akavua miwani.

"Hawa wapita njia wanaingia kinamasi hadi kiunoni ili wavute sigara?"

Mwenyekiti akatazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko.

"Sikuja kumkamata mtu," akasema. "Lakini nikiwapa vifaa vya kumzuia mvuta sigara, na tatizo si yeye, mtaungua tena na vifaa vyangu mikononi." Akaanza kukusanya karatasi.

Mama alikuwa mstari wa mbele, mkono ameuficha chini ya leso. Mimi nilikuwa hapa mlangoni. Boda ilikuwa inanguruma pale nje. Hatua mbili tu.

Nikasema, "Madamu, ni sisi. Ule wa banda ni mimi."

Nikaeleza yote, na njia niliyoichimba. Madamu akaketi tena. Mzee mmoja akakohoa: "Ule wa bondeni ulikuwa wangu. Lakini ulikuwa mdogo." Jirani yake akamjibu, "Ssebo, bwana mkubwa, hata wa huyu ulikuwa mdogo."

Mama hakucheka. Akasema, "Uliniuliza kama mkono unauma, na ulikuwa unajua." Akatoka. Hakusema nami wiki nyingi.

Fomu tukaiandika upya, na ruzuku ikaja: majembe, mabuti, pampu ya kuvuta maji ya ziwa. Tukachimba mitaro hadi kwenye maji, ili moto wa chini usipite. Siku moja mama akaja, akasimama ukingoni pale nilipokuwa, akasema, "Hapo hujafika majini. Chimba." Nilichimba mpaka maji yakaingia butini.

Sasa anayetaka kuchoma anatangaza, tunachoma pamoja, na kwa siku nyingi baadaye lazima mtu azunguke kinamasi akigusa ardhi kwa kiganja. Mlimchagua asiyeweza kutulia, mimi. Kila asubuhi nikipita kwa mama ananiuliza kutoka ndani, "Umegusa?" Nami najibu, "Nimegusa, mama. Ni baridi." Ndiyo mazungumzo yetu. Kwangu yanatosha.

Namshukuru madamu aliyeketi tena. Namshukuru mzee aliyekohoa, maana bila yeye ningebaki peke yangu. Mama namshukuru kwa swali lake. Ninyi wengine wenye jambo moyoni, msilimwagie maji juu mkaenda zenu. Chimbeni.

Sasa mniruhusu nitoke. Leo upande wa bondeni sijagusa, na ataniuliza.