Kiganja cha Vidole Vinne

Sikilizeni, wanangu, na wewe Hironimus zima hiyo redio, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kushindana na kwaya.

Mashamba nimeshayagawa, na nyumba hii ya Ruhuwiko ni ya mama yenu, msije mkamsumbua. Sehemu yangu ya karakana namwachia Aurelia, kwa sababu ndiye anayeuliza kabla ya kushika. Usinune, Hironimus. Wewe unapaka rangi kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

Chuma cha zinki kina maringo. Kinatoka kiwandani kinang'aa, kina mafuta mwilini, na ukikipaka hivyo hivyo kitakaa na rangi mwezi mmoja, kisha kitaivua kama koti la kuazima. Kiosheni kwa sabuni, mkipitishe msasa kidogo tu msije mkaimaliza zinki yenyewe, mkifute kwa siki, mkisuuze, kikauke, ndipo kipate rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. Na kikishaoshwa, mkono mtupu usikiguse. Hapo ndipo ilipo dhambi yangu, nami naisema, maana mficha uchi hazai.

Mnalikumbuka geti la parokia, mwaka ule ruksa ya biashara ilipojaza maduka rangi za kila jina. Mjomba wenu Pankrasi alinunua rangi, akaliosha geti, mimi nikalipaka. Siku ya kipaimara rangi ikabanduka mbele ya askofu, na kipande kikamganda begani. Nikasema pale pale, watu wakisikia, kwamba Pankrasi hajui kuosha na rangi yake ni ya magendo. Shemeji yangu alikusanya brashi zake akapanda basi la Tunduru, na hii ni miaka saba.

Wanangu, rangi ile ilibanduka kwa umbo la kiganja, kiganja chenye vidole vinne, na parokia nzima inajua ni nani aliyeacha kidole kwenye msumeno. Mnaijua desturi yangu ya kukipiga kila chuma kofi la heri kabla ya kukipaka. Mnajua pia kwamba saa nne nakula dagaa wa Nyasa wa kukaanga, kwa mkono. Mama yenu alilitazama geti, akanitazama mkono, akaenda kuteka maji. Mimi nilikuwa nachunguza mikono ya Pankrasi. Nyani haoni kundule. Nilipokuja kuona, nikapaka upya kimyakimya, na aibu ikanifunga mdomo hadi leo. Nimemkosea sana yule mtu.

Basi, msalaba wangu uwe wa bomba la zinki. Aoshe Pankrasi, apake Pankrasi. Hironimus, usiuguse. Nusu ya karakana ni yake, tuliianza pamoja kwa nyundo moja. Aurelia, nilikuagiza umpelekee habari... sijui kama atakuja.

Mungu awatunze, wanangu. Mshikane kama rangi iliyopata chuma kisafi. Mama yenu asichote maji peke yake...

Nani anapiga hodi? Basi la Tunduru limeshafika?

Ni yeye. Karibu, shemeji. Hapana, usinipe mkono kwanza... ngoja. Aurelia, mwanangu... lete sabuni. Lete na maji ya moto... niuoshe huu... ndipo nimpe.