Bibi Nta Anaweka Kisu Chini

Nina miaka sabini na nne. Nimewaona wakurugenzi wanne wa hospitali hii wakija na kuondoka, lifti mbili zimekufa nikiwa hapa, mke wangu nimemzika. Hata kustaafu nako nimekushinda: walinistaafisha, nikarudi kwa kibarua cha kubeba ndoo za maabara, maana nyumbani kulikuwa kimya mno. Basi anayestaafu Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha chini, anayefaa kumwandika ni mimi.

Tunamwita Bibi Nta. Hugandisha vipande vya nyama za wagonjwa ndani ya nta, akavikata vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akavilaza juu ya kioo ili daktari avisome kwa hadubini. Kila kipande hukiita "mwanangu". Zamani nilimcheka. Siku hizi najua hana mwingine wa kumwita hivyo.

Ilipokuja eksirei mpya, ile inayoona ndani ya nta kabla haijakatwa, niliibeba mimi. Wengine walishika kona tu. Bibi Nta akaipa jina la Bwana Harusi, kwa kuwa ilipewa chumba chenye kiyoyozi nasi tunajipepea kwa kadibodi. Miezi mizima hakumsalimu mpiga eksirei.

Kisha kikaja kipande cha titi la fundi cherehani mmoja. Vioo vilikuwa safi, na daktari alishashika kalamu aandike hakuna kitu. Mpiga eksirei akateremka na picha: nyuma kabisa, ambako kisu hakikufika, vidoa vyeupe kama chumvi iliyomwagika. Ni vidoa vya nini, picha haikujua. Hiyo ni kazi ya kisu. Bibi Nta akasema mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyekilaza kipande kifudifudi ndani ya nta. Akayeyusha nta, akakigeuza, akakata upya. Ilikuwa saratani, bado changa. Fundi alitibiwa, na tunasikia anashona mpaka leo. Tangu hapo Bibi Nta hakati kabla ya kumuuliza Bwana Harusi, na mpiga eksirei ana kikombe chake mezani kwetu.

Asante, dada. Jumatatu nitakuta kigoda chako kitupu, nawe utaamka alfajiri usijue pa kwenda. Kimya hicho nakifahamu, usikizoee. Upumzishe mgongo, uishi miaka mingi, na njia ya huku unaijua. Vikombe vitabaki vitatu, chako kikiwemo.

Asiyeniamini amuulize daktari wa hadubini, au mpiga eksirei. Fundi cherehani naye angeshuhudia, ila hajui kama kuna chumba huku chini.